UZI: Delta iliua, Omicron ikawa "mafua"? Nilikuwa wodini mawimbi yote, njooni tuongee

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Jana niko kwa kinyozi wangu, stori zikafika kwenye corona, jamaa mmoja akasema kwa kujiamini kabisa "ile Omicron ndo ilituumbua, corona ni mafua tu tulitishwa bure", mwenzake akadakia kwamba Delta peke yake ndo ilikuwa corona ya kweli, nyingine zote porojo. Nikanyamaza maana wembe ulikuwa shingoni 😀 ila nimelala na hayo maneno nimeamka nayo, bora niyamwage humu.

Mi ni nesi, hospitali ya mkoa flani siitaji. Kuanzia 2020 mpaka 2022 nilipangiwa wodi ya nyuma kule karibu na maabara ambayo mwanzoni hata jina haikuwa nalo, mara wodi ya homa ya mapafu, mara wodi ya changamoto ya upumuaji, baadae sana ndo ikaitwa wodi ya uviko waziwazi. Na nilichokiona ni kwamba mawimbi hayakufanana hata kidogo.

Lile la Januari na Februari 2021 lilikuwa la watu wazima. Miaka 55 kwenda juu, kisukari, presha, vitambi. Wanaletwa siku ya tisa, ya kumi, wameshapiga nyungu mpaka uso umebabuka, wameshameza azithromycin ya duka la dawa na tangawizi ndoo nzima, na sasa hawamalizi sentensi. Unamuuliza baba jina lako nani, anasema "Ju...", anavuta hewa, "...ma". Kipindi hicho ukanda wa kusini ilikuwa inatembea ile aina ya kirusi cha corona iitwayo Beta, iliyotangazwa Afrika Kusini Desemba 2020. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar, alifariki tarehe 17 Februari, na chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana corona. Sisi wodini hayo majina ya Kigiriki hatukuwa nayo, tulikuwa na mitungi.

Alafu ikaja Julai 2021, Delta yenyewe. Hapo ndo nilikonda mpaka mama akauliza kama naumwa. Wagonjwa wakawa vijana. Kuna dereva wa boda miaka 34, hana kisukari hana presha, kaingia saa nne asubuhi anatembea mwenyewe, kakaa kitandani anachati na simu, nikamvalisha kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kikasoma 71. Nikadhani kimeharibika nikajipima mwenyewe, 98. Nikamrudishia yeye, 70. Anacheka ananiambia "sista mbona unanitolea macho" (mi ni mwanaume, barakoa na gauni lile la plastiki vilikuwa vinatuchanganya wote). Usiku saa tisa hakuwepo. Hiyo kasi sijaiona kabla wala baada.

Na mjue hesabu ya oksijeni. Mtungi mkubwa una lita kama 6,800. Mgonjwa wa Julai alikuwa anataka lita 15 kwa dakika, gawanya mwenyewe, ni masaa saba na nusu mtungi umeisha, mtu mmoja. Tulikuwa na wagonjwa kumi na mbili.

Omicron ikaja kwenye Krismasi. Mtaa mzima unakohoa, kanisani watu wanakohoa kwa zamu kama kwaya, kati ya manesi kumi na tano wa kitengo chetu tisa tulilala chini ndani ya wiki moja, koo kama limepigwa msasa, mgongo, kichwa, siku ya nne unarudi kazini. Ila wodini vitanda vitupu. Waliokufa nawakumbuka kwa idadi ya vidole: mzee wa miaka 78, kijana aliyekuwa anasafishwa figo, na kaka mmoja aliyekuwa ameacha ARV.

Kwahiyo yule jamaa wa saluni hakudanganya, ila kaona upande mmoja. Fikiria fuso inagonga ukuta wa udongo, na baiskeli inagonga ukuta wa zege. Ukiniuliza mbona ule ukuta ulianguka na huu umesimama, nikikujibu gari tu nimekudanganya, na nikikujibu ukuta tu nimekudanganya. Delta ilitukuta wengi wetu miili haijawahi kukutana na kitu kama hicho na chanjo hatuna. Omicron imefika tayari wengi wetu tumeshaugua mara moja au mbili na wengine wameshachanja. Kirusi kilikuwa kimebadilika, ndio, lakini na sisi tulikuwa tumebadilika.

Karibuni, ila matusi hapana.

---

Mtoto_wa_Mbagala

Mkuu umeandika vizuri ila mbona lile papai alilosema Magufuli kwamba lilipimwa maabara lilikutwa na corona? Na mbuzi? 😂😂 Tuanzie hapo kwanza.

---

Zamu_ya_Usiku

Nilijua papai litakuja kabla ya posti ya tano. Kaka, lile papai lilikuwa hoja ya vipimo na maabara, Mei 2020. Mtu anayesoma 71 kidoleni wala hakuhitaji PCR, kile kipimo cha corona cha maabara, na papai halijawahi kuniomba nimwite mke wake.

---

Mtoto_wa_Mbagala

Hapo umenimaliza. Endelea mkuu nipo kimya.

---

Nyakwar_Dunga

Wasee wa Bongo habari zenu. Mimi niko Kisumu na nataka kuongeza kitu juu ya Delta, maana sisi ndio ilitubishia hodi kwanza hapa Kenya, Mei 2021, wale wafanyakazi wa kutoka India waliokuwa kwa kiwanda cha mbolea. Watu wa mjini waliichukulia poa, ati ni mambo ya hao wahindi. Kufika Juni serikali ikawekea masharti makali kaunti 13 za huku ziwani na magharibi, kafyu saa moja jioni, matanga yakakatazwa kukaa siku nyingi, mazishi ndani ya masaa 72. Kwa Mjaluo kuambiwa azike haraka haraka na watu wachache, hiyo ni adhabu ya pili.

Tulizika mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alafu wiki mbili baadaye mtoto wake, miaka 41, mchezaji mpira. Baba ilimchukua siku kumi na mbili, kijana siku sita. Mtu akiniambia hizi virusi zote ni kitu kimoja mimi humwambia aende Kajulu ahesabu makaburi ya mwaka huo.

Lakini nikona swali kwa mwenye uzi. Wimbi la Machi 2021, lile walifunga Nairobi na kaunti nne za jirani, ICU zilijaa pia, watu wanazungushwa na ambulensi usiku mzima wakitafuta kitanda. Na Delta haikuwa imefika. So hiyo tuiwekee nani?

---

Zamu_ya_Usiku

Pole sana ndugu yangu, msiba juu ya msiba, Mungu awapumzishe. Swali lako naliachia mtu wa maabara, humu hawakosekani.

---

Pipeti_255

Nimeitwa nimekuja. Nafanya maabara, uchambuzi wa vinasaba, sio daktari kwahiyo msiniulize dozi.

Machi 2021 Kenya ilikuwa Alpha na Beta zimechanganyika. Na Alpha watu wanaisahau kwasababu ilifunikwa na Delta ila haikuwa mtoto mdogo. Iligunduliwa kwanza Kent, Uingereza, na utafiti uliotoka kwenye jarida la BMJ mwezi huohuo wa Machi ulichukua watu karibu 55,000 waliopata Alpha ukawalinganisha na idadi ileile waliopata kirusi cha zamani, wamefanana umri, jinsia, eneo na muda waliopimwa. Waliokufa kwa kirusi cha zamani walikuwa 2.5 katika kila 1,000, kwa Alpha 4.1. Yani hatari imepanda kwa kama asilimia 64. Namba ni ndogo ukiiangalia kwa mtu mmoja, sasa izidishe kwa mji mzima wa Nairobi alafu kumbuka inasambaa haraka zaidi vilevile.

Alafu Delta ikaja ikapanda juu ya Alpha. Uingereza tena, wagonjwa zaidi ya 43,000, aliyepata Delta alikuwa na hatari ya kulazwa mara 2.26 ya aliyepata Alpha. Wengi wao walikuwa hawajachanja. Kwahiyo sio hisia za nesi, namba zipo.

Majina haya ya Kigiriki WHO (Shirika la Afya Duniani) waliyatoa tarehe 31 Mei 2021, ili watu waache kusema "kirusi cha India", "kirusi cha Sauzi".

Na kitu kimoja cha nyumbani ambacho wengi hamkijui. Februari 2021 wasafiri watatu kutoka Tanzania walipimwa uwanja wa ndege Luanda, Angola, wakakutwa na aina ambayo ilikuwa na mabadiliko mengi sana, kuliko nyingine zote zilizokuwa zimeonekana mpaka muda ule. Sisi maabara tuliposoma ile ripoti tuliganda. Na unajua kilichotokea? Hamna. Haikusambaa popote pa maana. Kwahiyo mtu akikutisha kwamba aina flani ina "mabadiliko hamsini" muulize na mabadiliko hayo yanafanya nini, maana wingi peke yake hauui mtu.

---

Kaka_Mkavu

Namba za wazungu hizo. Sisi Waafrika tuna kinga yetu, jua, ugali, chanjo ya BCG ya begani. Delta Uingereza na Delta Tandika ya Dar sio kitu kimoja.

---

Zamu_ya_Usiku

Hilo la "kinga ya Mwafrika" linanichoma. Kuna utafiti wa nchi kumi za Afrika, wagonjwa zaidi ya 3,000 waliolazwa ICU au wodi za uangalizi wa karibu kati ya Mei na Desemba 2020, yani kabla ya Delta, na wengi wao kabla hata ya Beta. Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 48.2. Wastani wa dunia kwa wagonjwa wa aina hiyo ulikuwa asilimia 31.5. Kwa wengi ni kirusi kilekile cha mwanzo. Sasa kama tuna kinga ya ugali hiyo tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye mashine za kusafisha figo zilizokosekana, kwenye kipimo cha kidoleni kimoja kinachozunguka wodi nzima, kwenye mtungi unaoisha saa kumi alfajiri na stoo funguo kaondoka nazo mtu.

Kinachotusaidia Afrika ni ujana. Nusu ya nchi ni watoto. Ila mzee wa Tandika akilazwa anakufa haraka kuliko mzee wa Manchester, na hilo halihusiani na Delta wala Alpha.

Ndo maana nasema kuna vitu vitatu: kirusi, mwili, na huduma. Uganda Juni 2021 ni Delta, sawa, lakini waliokufa kwa kukosa oksijeni tuwaandike kwa Delta? India Mei mwaka ule walikuwa wanapata wagonjwa wapya zaidi ya 400,000 kwa siku, watu wanafia kwenye bajaji nje ya geti la hospitali. Kirusi kikali ukikiongezea foleni kinakuwa kikali mara mbili.

---

Kaka_Mkavu

Sawa nesi nimekuelewa ila hujajibu la Omicron. Ilikuwa mafua au haikuwa?

---

Pipeti_255

Niruhusuni hii. Chuo Kikuu cha Hong Kong walichukua vipande vya mirija ya hewa na vya pafu wakavipandikizia virusi maabara. Kwenye mirija Omicron ilizaliana kama mara 70 zaidi ya Delta ndani ya masaa 24. Kwenye nyama ya pafu lenyewe ikawa mzembe, zaidi ya mara 10 chini ya kirusi cha asili. Sababu mojawapo ni mlango. Delta inapenda kuingia kwenye seli kwa msaada wa kimeng'enya kinachoitwa TMPRSS2, ambacho pafu linacho kwa wingi, Omicron haikitegemei sana, inazunguka mlango wa nyuma. Ndo mnaona koo linauma, mafua yanatiririka, mtaa mzima unaambukizwa, lakini mapafu yanapona. Hata ile kupoteza harufu na ladha ilipungua sana.

Kwahiyo kwa asili yake ni pole kuliko Delta, hilo halina ubishi. Uingereza waliopata Omicron hatari yao ya kufa ilikuwa kama theluthi moja ya waliopata Delta.

SASA. Afrika Kusini walipoitangaza Novemba 2021 na madaktari wa kule wakasema wagonjwa wao wana dalili nyepesi, dunia ikashangilia. Lakini jimbo lao la Gauteng kabla Omicron haijapiga, watu kama 73 katika 100 walikuwa tayari na kingamwili kwenye damu, wengi kwa kuugua. Hata Kenya, watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) Kilifi walipopima damu za watu wanaochangia damu, katikati ya 2020 ilikuwa kama watu 4 katika 100, mwanzoni mwa 2021 ikakaribia nusu. Ukuta wa zege alioutaja mwenye uzi ulijengwa hivyo, na watu waliulipia kwa makaburi kama ya Kajulu.

Unataka kuona Omicron ikikutana na ukuta wa udongo? Nenda Hong Kong hiyohiyo. Miaka miwili ya mwanzo walikuwa wamezika watu 213 tu wa corona, mji wa watu milioni saba. Walijifungia vizuri sana kiasi kwamba wazee wao wakaona chanjo ya nini, wengi wa miaka 80 kwenda juu hawakuchanja. Februari na Machi 2022 Omicron ikapenya. Ndani ya miezi michache vifo zaidi ya 9,000, majeneza yakaisha. New Zealand miezi ileile, Omicron ileile, na wao walikuwa wamejifungia vilevile, ila wazee walikuwa wamechanja, vifo vichache mno kulinganisha. Na Marekani wimbi la Omicron la Januari 2022 liliua watu wengi kwa siku kuliko kilele cha Delta, kwasababu ukali umepungua mara tatu ila walioambukizwa wameongezeka zaidi ya hapo.

Mafua gani hayo.

---

Mama_Twins

Jamani mi sio mtaalamu ila nataka kuuliza. Kipindi cha Delta nyumba nzima tuliumwa, mi nilipoteza harufu tu wiki mbili basi. Mdogo wangu wa kike yeye hiyo Omicron yenu "ya pole" akalazwa siku tisa kwenye oksijeni, miaka 29. Sasa inakuwaje?

---

Zamu_ya_Usiku

Dada pole. Alikuwa mjamzito? Au ana pumu, sikoseli, kitu chochote?

---

Mama_Twins

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto yupo mzima sasa anakimbia, anaitwa jina langu.

---

Zamu_ya_Usiku

Alhamdulillah. Ndo jibu lenyewe hilo. Mimba ikiwa kubwa mapafu yanabanwa na kinga inajishusha kidogo ili isimshambulie mtoto, kwahiyo hata kirusi kinachowapitia wengine juu juu kinaweza kumshika mjamzito vibaya. Hizi namba za Pipeti ni za kundi. Zinakwambia katika elfu watalazwa wangapi, hazikwambii ni nani. Nilishamwona babu wa miaka 81 ametoka na Delta anatembea na kiberiti mfukoni anatafuta sigara, na nilishamfunga macho mtu wa Omicron.

Alafu kuna kitu kingine kilichobadilika katikati na hakikuwa kirusi. Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksamethasone, dawa ya bei ya soda, inapunguza vifo kwa theluthi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa walio kwenye oksijeni. Kufika Julai 2021 sisi tulikuwa tunaitumia vizuri, tunawalaza watu kifudifudi, tunajua nani wa kumkimbilia kwanza. Na bado Delta ilitupiga vile. Ingekuja mwaka mmoja kabla sijui ningekuwa naandika nini hapa.

ILA, na hili naomba mnisikie, deksa haikuonyesha faida yoyote kwa mtu ambaye hahitaji oksijeni. Kulikuwa na watu wanajinunulia dukani wanameza siku ya pili ya homa, sukari inapanda mpaka kipimo kinaandika HI, yani imezidi uwezo wa kipimo. India wagonjwa wa kisukari waliopewa steroidi (kundi la dawa lenye deksa) nyingi wakati wa Delta walipata ile kuvu nyeusi inakula macho.

---

Nyakwar_Dunga

Hio ya kuvu tuliiskia tukadhani ni propaganda. Asante kwa majibu, @Pipeti_255 umenitoa giza kuhusu Machi.

Na hizi za siku hizi? JN.1 na nini na nini, majina kama namba za matatu.

---

Pipeti_255

Zote ni vitukuu vya Omicron. WHO waliondoa ile hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023 lakini kirusi hakijaenda popote, kinajibadilisha ili kikwepe kingamwili, kwahiyo unaugua tena na tena. Kwa ukali, JN.1 ilipopita haikuonekana kuwa kali kuliko dada zake. Kilichokufa zaidi ni dawa: zile kingamwili za kutengeneza maabara zilizokuwa zinafanya kazi vizuri kwa Delta, nyingi ziligonga mwamba kwa Omicron. Kwetu huku hatukuwa nazo za kutosha hata kuzikosa.

---

Mtoto_wa_Mbagala

Nimesoma mwanzo mwisho, papai nimelifuta. Swali la mwisho mkuu, bi mkubwa wangu ana kisukari, nataka nimnunulie hicho kipimo cha kidoleni. Nitajuaje kama kinasema ukweli? Cha mtaani kuna siku kilimsomea 84 na anakaanga chapati.

---

Zamu_ya_Usiku

Kwanza angalia kucha, kama kapaka rangi au hina nzito kinadanganya. Mikono ikiwa ya baridi au imelowa kinadanganya. Mwambie akae chini dakika tano, mkono uwe wa moto, kidole cha kati, asiongee, subiri mpaka namba itulie kama dakika moja, usichukue ile ya kwanza. Alafu kipime na kwako, wewe ukisoma 97 na yeye 84 mara tatu mfululizo basi tatizo sio kipimo, ni yeye. Ikikaa chini ya 94 mpeleke akaonwe, chini ya 90 usisubiri asubuhi hata kama anakaanga chapati.

Na bi mkubwa alikuwa na unga mikononi?

---

Mtoto_wa_Mbagala

Mpaka kwenye viwiko 😂

---

Zamu_ya_Usiku

Basi anawe mikono umpime tena. Mi naingia zamu saa mbili, wengine nitawajibu kesho mchana nikiamka.